Bwana Shamba na Visiwa vya Matope

Bwana Shamba hakununua kiazi kilichooshwa hata siku moja. Wachuuzi wa Kariakoo waliamka alfajiri kusugua viazi vitamu vyao mpaka ving'ae, na yeye anavipita kama havioni, shingo mbele, anamtafuta muuzaji mvivu. Akimpata, anachagua kiazi chenye udongo kuliko vyote, anaukwangua kwa ukucha, anaufikicha kati ya vidole, halafu anauliza: "Mama, hiki si kimelimwa mteremkoni, karibu na kijito?" Muuzaji anabaki mdomo wazi. "Kwani umefika kwetu, mzee?" Hajafika. Analipa, anafunga kiazi kwenye gazeti pamoja na uchafu wake, anaondoka zake.

Udongo ule hakuutupa. Aliufinyanga vidonge akavipanga dirishani kwake, vyekundu, vyeusi, vya kijivu, mpaka balozi wetu wa nyumba kumi akaja siku moja kuuliza kwa upole kama mpangaji yule ana uganga. Bi Mwenye Nyumba alimjibu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: "Uganga gani! Mwanaume mzima anachezea matope, mwache acheze." Balozi akaaga. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo, akifika karibu na dirisha lile, alikuwa anavuka barabara.

Sijui alizaliwa wapi, wala watu wake ni akina nani. Tulimwita Bwana Shamba kwa sababu ndiyo kazi serikali iliyompa, ya kuwafundisha watu kilimo, na kwa sababu tulipenda kucheka: ofisa wa kilimo kapangiwa kazi Kariakoo, mahali ambapo shamba kubwa kuliko yote lilikuwa mrehani wa Bi Mwenye Nyumba ndani ya kopo. Yeye alipanga chumba cha mbele, mimi na binti yangu Tunu chumba cha nyuma karibu na choo. Nilikuwa mjane, nauza vitumbua barazani. Namsimulia leo kwa sababu mwaka ule wa amri ya kulima, mtu aliyeshika kalamu ya kuamua kama nibaki mjini au nipandishwe lori nirudishwe Lindi kwa shemeji zangu, alikuwa yeye.

Lakini nikianza na hilo mtamwona kalamu tu, na mtu huyu hakuwa kalamu. Mngemwona uani jioni! Sisi wanawake tunamenya muhogo, yeye anatoka na kigoda chake, soksi zimevutwa mpaka magotini, kaptura ya kaki ina mkunjo wa pasi, anakaa kimya. Tunajua anasubiri kuulizwa. Bi Mwenye Nyumba anamchokoza: "Haya, Bwana Shamba, leo tunakwenda nchi gani?" Ndipo anapofunguka.

Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo kusoma, akapita nchi nyingi, na kila alikopita hakutazama majumba wala magari, alitazama mashamba. Siku moja alichukua sufuria kubwa la Bi Mwenye Nyumba, akalipindua chini juu, akaanza kupanga maganda ya muhogo kulizunguka, ngazi juu ya ngazi, mpaka kwenye kitako.

"Sufuria langu hilo! La pilau!" Bi Mwenye Nyumba akapiga kelele.

"Si sufuria tena, mama. Ni mlima," akasema. "Huko Asia kuna watu waliukuta mlima kama huu hivi, mkali, mbuzi anateleza. Hawakuwa na bonde. Wakaukata ngazi kwa mikono, kila ngazi ina ukingo wa mawe, wakayashusha maji kutoka juu polepole, ngazi hii inakunywa, inampa mwenzake. Wakapanda mpunga mpaka mawinguni." Akachukua kata, akamimina maji kidogo juu ya kitako cha sufuria. Yakateremka ganda kwa ganda. Sote tukaacha visu. Wallahi nilisisimka mwili mzima, na mimi mpunga naujua tangu utoto. Niliuona ule mlima. Niliwaona watu wake wameinama, mgongo kwa mgongo, babu na baba na mjukuu, ukuta wa jiwe unajengwa na mtu ambaye hatakula mpunga wake.

"Nani aliwafundisha?" nikauliza.

"Shida," akasema. "Kila shamba unaloliona duniani, Mama Tunu, kuna mtu alikuwa na shida pale akaijibu. Usilicheke shamba la mtu kabla hujajua shida yake."

Alikuwa anakasirika sana akisikia mtu anaitwa mvivu kwa kilimo chake. Wale wanaochoma pori, wanalima misimu michache, wanahama, yeye aliwatetea kama ndugu zake wa damu: ardhi imechoka, inalala, wao wanatembea, watarudi ikiamka. Wafugaji wanaofuata majani aliwaita watu wanaosoma mvua. Na akifika Misri na mto wake unaojaa na kuacha tope zuri mlangoni mwa watu, anatikisa kichwa kama anayezungumzia mwanamke aliyempenda zamani.

Simulizi moja ilitunyamazisha wote. Alisema Uingereza zamani, kijiji kilikuwa na ardhi ya pamoja, kila mtu na kipande chake, na malisho ya wote. Kisha wenye nguvu wakazungusha ua, shamba kwa shamba, wakafuga kondoo.

"Na hao waliozungushiwa ua wakaenda wapi?" Bi Mwenye Nyumba akauliza.

"Mjini, mama. Wakawa manamba wa viwandani."

Ndani ya ua ule kulikuwa na Mzaramo, Mmwera, Mchaga mwenye duka la vitambaa, Mnyamwezi anayebeba mizigo, na hakuna hata mmoja ambaye hakuacha shamba mahali. Yule Mchaga akajikohoza, akasema anakwenda kufunga duka. Duka lilikuwa limeshafungwa.

Enzi za unga wa njano mnazikumbuka? Mvua ziligoma, tukaletewa mahindi ya msaada kutoka ng'ambo, ugali wake rangi ya jezi ya timu mnayoijua, na mji mzima ukawa unautania. Sisi tunakunja uso, yeye anaula taratibu. Bwana yule hakuweka tonge mdomoni bila kuuliza nani amelilima. "Hili," akasema, "limelimwa kwenye tambarare isiyo na mwisho. Mkulima yuko juu ya mashine, peke yake tangu asubuhi. Jirani yake yuko mbali, hata akipiga yowe hasikiki."

Bi Mwenye Nyumba akaangalia tonge lake. "Maskini wee. Sasa huyo anakula na nani?"

Basi tangu siku hiyo tuliula bila kunung'unika, kwa kumwonea huruma mtu wa watu.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na vituko vya kuudhi. Mtu anayejua mashamba ya dunia nzima, mkono wake mwenyewe haukuotesha kitu: alipewa mrehani aumwagilie Bi Mwenye Nyumba alipokwenda mazikoni Bagamoyo, mwenyewe akarudi akaukuta umekauka kama ufagio. Na matope hakuyapenda! Udongo mkavu wa kwenye kiazi, sawa, lakini mvua ikinyesha anatembea kwa ncha za viatu kama paka, akifika nyumbani anaosha miguu na kuiosha tena. Tulimcheka mpaka tukatokwa na machozi.

Tena alikuwa mtu wa amri. Foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, muuzaji anamwita apite mbele, yeye anajibu kwa ukali kwamba nyuma ndiko alikofikia. Aliiamini Siasa ya nchi kwa moyo wote, bila unafiki. Alisema ardhi ya Tanzania kubwa, mikono imejaa mjini inauza njugu, na kila mwenye nguvu angefaa kurudi kijijini. Mimi namwambia, "Rahisi kwako kusema, wewe una mshahara." Ananitazama kwa huruma kama mwalimu anayemtazama mtoto asiyetaka kuelewa hesabu. Siku hizo nilitamani kummwagia rojo la vitumbua.

Kwa sababu kurudi kwangu mimi hakukuwa kurudi kwenye ardhi. Shamba la Lindi lilikuwa la marehemu mume wangu, na yeye alipozikwa ndugu zake walilichukua. Wangenipokea kwa sharti moja: nirithiwe na shemeji yangu mkubwa, mzee mwenye wake wawili na fimbo isiyopumzika. Tunu angeacha shule siku hiyo hiyo.

Amri ikatoka: kila mtu alime. Ukame ulikuwa umetushika koo, na mtaa wetu ukapewa vipande bondeni, kandokando ya mto Msimbazi. Wenye ajira walilima kwa ajili ya ofisi zao. Sisi wa barazani tuliambiwa wazi kwenye mkutano: ambaye hana kazi inayotambulika na kipande chake hakijaonyesha mahindi, huyo ni mzururaji, anarudishwa kwao. Na atakayekagua na kutoa taarifa ni Bwana Shamba.

Nikamfuata uani. "Ukikuta kwangu hamna kitu utaandika nini?"

"Nitaandika hamna kitu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, Mama Tunu."

Hakuinua sauti. Alisema kama anayesema jua litazama. Nilimchukia usiku ule, nisiwafiche, nilimchukia mpaka nikakosa usingizi.

Kipande changu kilikuwa cha mwisho, chini kabisa, penye matete. Wenzangu walipata sehemu za juu, mimi nilifika nimechelewa kwa sababu ya vitumbua. Nikapanda mahindi kwa mistari kama tulivyoagizwa, yakatoka, nikafurahi, kisha yakaanza kugeuka njano, majani yananyong'onyea. Ukichimba kidogo tu, maji. Nilikaa kwenye ukingo nikalia kwa sauti bila kujali nani ananisikia.

Bwana Shamba alikuja jioni ile kwenye ukaguzi wake. Akasimama pakavu, na viatu vyake. Akatazama mahindi, akatazama maji, akatazama mto kwa muda. Halafu, Mungu ni shahidi yangu, akavua viatu, akakunja soksi akazitia ndani yake, akaingia. Matope yakamfika gotini. Akainama akachota tope jeusi kwa viganja viwili, akalinyanyua, na uso wake ukawa uso wa kijana.

"Mama Tunu," akasema, "kuna watu Meksiko, zamani, walipewa ziwa. Wenzao walikuwa na nchi kavu, wao ziwa. Unajua walifanya nini? Hawakuyakimbia maji wala hawakuyafukuza. Walichimba tope lililo chini ya maji wakalipandisha juu, wakatengeneza visiwa vyembamba, katikati mifereji. Wakapanda juu ya visiwa. Maji yanavinywesha huku na huku, na tope la mfereji kila msimu unalirudisha juu, ndiyo mbolea. Mji mkubwa mno ulikula kutoka kwenye vile visiwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lete jembe."

Kila jioni akitoka ofisini alikuja. Tulikata matete tukayachomeka kama ua, tukajaza tope ndani yake, tukalishindilia kwa miguu. Yule mtu wa kutembea kwa ncha za viatu alichafuka mpaka masikioni, na anacheka! Watu walisimama juu ya bonde kumtazama. Bi Mwenye Nyumba mwenyewe alishuka kuhakikisha, akasema, "Mtume! Kweli ni yeye." Mimi mikono yangu ilichubuka lakini moyo ulikuwa umejaa ajabu: hapa Msimbazi, nyuma ya Kariakoo, mimi muuza vitumbua nafanya walichofanya watu wa ziwa lile, ambao mifupa yao ni vumbi. Nilihisi wapo wamesimama pembeni wananielekeza.

Visiwa vilipopanda juu ya maji, akaniambia nitie magimbi pembezoni, mchicha na bamia katikati.

"Na mahindi?"

"Mahindi hapa yatakufa."

"Amri inasema mahindi, Bwana Shamba."

Akanawa mikono mferejini polepole sana, kidole kwa kidole. "Najua inavyosema," akajibu.

Mvua zikarudi, tena kwa hasira. Mto ukafura usiku mmoja. Asubuhi tulikuta mahindi ya mtaa mzima yamelala chini, yamefunikwa mchanga na takataka. Visiwa vyangu, nusu vilikwenda na maji. Nusu vilibaki, vimesimama, magimbi yamefungua majani mapana yanayometa. Nilipiga magoti pale pale matopeni.

Wakaguzi wakubwa walikuja siku chache baadaye, wanne, na mkubwa wao mwenye fimbo nyeusi. Kwa wenzangu waliona mabua yaliyolala, wakasema hawa wametekeleza, mafuriko si kosa lao. Wakafika kwangu. Yule mkubwa akanyoosha fimbo.

"Haya si mahindi."

Akaligonga jani la gimbi kwa ncha ya fimbo.

"Maagizo yalikuwa mahindi. Shamba la nani hili?"

Kila mtu akamtazama Bwana Shamba, maana ndiye mwenye taarifa. Nami nilimtazama. Akilini nilimwona Tunu akikunja sare ya shule. Niliona lori.

"Ni langu," Bwana Shamba akasema. "Ni shamba la mfano la kilimo cha mabondeni. Huyu mama ndiye mfanyakazi wake."

Shamba la mfano halikuwepo. Mfanyakazi hakuwepo. Mtu huyu alikataa hata kurushwa foleni ya sukari.

"Idara imeidhinisha?"

"Mimi ndiye Bwana Shamba wa hapa."

Mkubwa akamtazama tangu kichwani mpaka kwenye soksi. "Basi utakwenda kueleza huko juu," akasema. Wakaondoka. Mimi nikawa mfanyakazi, kwa hiyo sikuwa mzururaji, kwa hiyo sikupandishwa lori.

Yeye ndiye aliyeondoka. Uhamisho ulikuja kabla bamia hazijakomaa, akatupwa mbali, huko ambako gari likipita watoto wanakimbia kulitazama. Asubuhi ya safari nilimkaangia vitumbua vyote vya biashara, nikamfungia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanipotea. Nikasema tu, "Ulisema uongo kwa ajili yangu."

"Si ulikuwa unafanya kazi?" akasema, akapanda basi.

Miaka ikapita. Tunu akamaliza shule, akawa muuguzi. Nikapata meza ndani ya soko jipya. Siku moja naona mzee na mkongojo amesimama mbele ya viazi vya jirani yangu, shingo mbele, kaptura bado ina pasi. Niliacha wateja. "Shikamoo, Bwana Shamba!" Akanitafuta kwa macho yaliyoingia ukungu. "Marahaba, Mama Tunu. Bado upo mjini?" Nikamwambia nipo, na nikamkokota mkono bondeni, maana kulikuwa na kitu alichotakiwa kukiona kabla hakijatokea cha kutokea.

Tukasimama juu. Bonde lote lilikuwa visiwa: jirani aliiga vyangu, mwingine akamwiga jirani. Kutoka upande huu mpaka kule, vyembamba, vya kijani, mifereji inang'aa katikati, na wanawake wameinama kila mahali. Mzee alishika mkongojo kwa mikono miwili. Sikumtazama usoni, nilimwonea haya.

Dada mmoja, kijana, alikuwa karibu anapandisha tope kwa beleshi. Akatuamkia. Mzee akamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejua kitu, "Mwanangu, mbona mnalima hivi?"

Yule dada akafurahi, akamweleza yote: tope linavyopandishwa, ua wa matete, magimbi pembeni yashike ukingo. "Na visiwa unavilaza kufuata mkondo, babu, visikingame. Vikikingama, mto unavibeba."

Hilo la mkondo yeye hakulijua. Vyetu tulivikingamisha, ndiyo maana nusu vilikwenda. Nikamwona amefunga macho, analipima, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Nani aliwafundisha?" akauliza.

"Hakuna aliyetufundisha," dada akasema kwa maringo. "Sisi wa bondeni ndivyo tulivyo, tangu enzi za mababu."

Lo! Nilifungua kinywa. Nilitaka kumwambia babu ni yupi na amesimama wapi, na visiwa vile vilimgharimu nini. Mzee akanikamata kiwiko, na kwa mzee wa mkongojo alikuwa na nguvu.

"Ahsante sana, mwanangu," akamwambia. "Umenifundisha."

Njiani kurudi nilimgombeza. Kwa nini hakuniacha niseme? Walimfukuza mjini kwa sababu ya visiwa vile, amezeekea porini, halafu anakubali vipewe mababu ambao hawakuwahi kuvijua?

Alisimama kupumzika, akihema.

"Mama Tunu, nchi zote zile nilizopita, kila nilipoona kilimo cha ajabu niliuliza nani alianza. Mlimani, mtoni, ziwani. Hakuna hata mahali pamoja waliponitajia jina. Wote walinijibu hivyo hivyo, kwa maringo hayo hayo." Akageuka kulitazama bonde mara moja tena, na machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyafuta. "Sikuwahi kufikiri nami nitajibiwa hivyo."